Sikukuu ya Nyumbani Huanzia Puani

Desemba inapokaribia, wengi wanaotaka kusherehekea Krismasi nyumbani huanza na mapambo. Hununua taa, hutafuta mti, hupanga mipira ya rangi. Chakula hukumbukwa siku mbili kabla ya sikukuu, na muziki huachiwa yeyote atakayewahi kuunganisha simu yake na spika. Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduliwa. Mwulize mtu mzima anakumbuka nini kuhusu sikukuu za utotoni mwake, na ni nadra akutajie rangi ya mipira iliyoning'inia mtini. Atakusimulia harufu iliyokuwa ikitoka jikoni na wimbo ambao hadi leo akiusikia anasimama. Ndiyo maana maandalizi yangu huanzia puani, yakahamia masikioni, na macho yakahudumiwa mwisho, tena kwa vitu vichache.

Upendeleo huu una msingi katika maumbile yetu. Kile tunachokiona na tunachokisikia hupitia kwanza talamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopanga taarifa na kuzigawa, ilhali harufu hufika karibu moja kwa moja kwenye amigdala na hipokampasi, sehemu zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Kwa hiyo harufu ya karafuu inaweza kumrudisha mtu miaka thelathini nyuma kabla hata hajatambua kwamba ni karafuu anayoinusa. Anayetaka watoto wake waikumbuke nyumba hii watakapokuwa wakubwa hana budi kufikiria kwanza nini kitachemka na nini kitaokwa.

Viungo ninavyovitegemea ni vichache: mdalasini, karafuu, kungumanga na tangawizi, na mara nyingine iliki. Navinunua vikiwa vizima. Harufu ya karafuu hutokana hasa na mafuta yaitwayo eugenoli, na ya mdalasini hutokana na sinamaldehidi. Vyote viwili ni vyepesi kuruka hewani, na kiungo kikishasagwa hupoteza nguvu kwa haraka, hata kikifungwa vizuri. Vijiti vya mdalasini na karafuu navipitisha kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo kwa dakika moja au mbili, mpaka harufu ianze kupanda, kisha navisaga vikishapoa. Kungumanga haihitaji kukaangwa, inakwanguliwa tu wakati wa kutumika. Siku ambazo hakuna kinachookwa, sufuria ya maji yenye maganda ya machungwa, kijiti kimoja cha mdalasini na karafuu chache, ikiachwa juu ya moto wa chini kabisa, huijaza nyumba harufu kwa saa nyingi, mradi kuna mtu anayeiangalia na kuiongezea maji. Mishumaa ya manukato ya dukani siisifu hata kidogo, kwa sababu harufu yake hushindana na chakula, na mezani chakula ndicho kinachopaswa kushinda.

Nafasi kubwa zaidi naipa keki ya matunda, kwa kuwa ni pishi linalokubali kufanywa mapema, na hata huwa bora likifanywa mapema. Gramu 500 za matunda makavu, yaani zabibu, tende zilizokatwakatwa na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, huloweshwa usiku kucha katika mililita 150 za sharubati ya machungwa iliyopashwa moto. Hatua hii isirukwe, kwa sababu tunda kavu likiingia kwenye keki likiwa bado na kiu hunyonya unyevu wa kinyunya chenyewe, na keki hutoka ngumu hata kama vipimo vingine vyote vilikuwa sahihi. Siku ya pili gramu 225 za siagi laini na gramu 225 za sukari ya kahawia hupigwa pamoja mpaka mchanganyiko upauke na kuwa mwepesi. Mayai manne, yasiyotoka kwenye friji muda huo huo, huongezwa moja moja, na mchanganyiko ukionekana kukatika, kijiko kimoja cha unga huurudisha. Kisha huingia gramu 250 za unga wa ngano uliochekechwa pamoja na nusu kijiko cha chai cha bekingi pauda, chumvi kidogo, kijiko kimoja na nusu cha chai cha mdalasini, robo kijiko cha karafuu na nusu kijiko cha kungumanga. Matunda huingia mwisho, pamoja na sharubati yoyote iliyobaki bakulini.

Chombo cha kuokea chenye kipenyo cha sentimita 20 kinatosha, nacho kinatandikwa karatasi ya kuokea tabaka mbili, chini na pembeni, kwa kuwa keki hii hukaa kwenye oveni ya nyuzi 150 za Selsiasi kwa takribani saa mbili na nusu, na baadhi ya oveni huichukua karibu saa tatu. Juu ikianza kuwa nyeusi kabla ya ndani kuiva, hufunikwa kwa karatasi. Kila mtu anajua kuchoma kijiti katikati ili kuona kama kitatoka kikavu, lakini keki nzito yenye matunda mengi hudanganya, maana kijiti kikipita kwenye zabibu hutoka na unyevu hata kama keki imeiva. Hapo natumia sikio. Keki ikitolewa na mtu akainama karibu nayo, asiguse chombo, atasikia mchirizo mdogo, mlio wa unyevu unaochemka ndani. Mlio huo ukiwa bado wa nguvu na wa mfululizo, keki inarudi ndani kwa dakika kumi au kumi na tano. Ukiwa umefifia mpaka inabidi unyamaze ili uusikie, imeiva. Iachwe ipoe kabisa ndani ya chombo chake, kisha ifungwe kwa karatasi na juu yake foili, na ikae kwenye friji siku kadhaa kabla ya kukatwa, kwa kuwa keki ya sharubati haina kileo cha kuitunza. Katika siku hizo harufu za viungo huenea ndani ya siagi, na ule ukali wa karafuu wa siku ya kwanza hutulia.

Kuhusu vyakula vya chumvi nitasema machache, kwa sababu kila jiko lina mwenyewe. Kuku au bata mzima ameiva pale kipimajoto kinapoonyesha nyuzi 74 kwenye sehemu nene ya paja, bila kugusa mfupa, na anastahili kupumzishwa walau dakika kumi na tano kabla ya kisu kumgusa ili maji yake yasimwagike yote kwenye sahani. Jambo ambalo huharibu sikukuu nyingi kuliko chumvi kuzidi ni chakula kilichopikwa kuachwa mezani mchana kutwa ili kila anayepita achote. Bakteria huzaliana kwa haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, kwa hiyo baada ya saa mbili kilichobaki kinapaswa kuwa ndani ya friji, hata kama mgeni fulani ametuma ujumbe kwamba yuko njiani.

Muziki nao unahitaji mpango, na kosa kubwa nililoliona katika nyumba nyingi ni kuumaliza wote mapema. Nyimbo za Krismasi huanza kupigwa mwanzoni mwa Desemba, zikarudiwa kila siku, na siku yenyewe inapofika hakuna anayetaka kuzisikia tena. Mtunzi wa Kijerumani Johann Sebastian Bach alilielewa hili vizuri: oratorio yake ya Krismasi, yaani utunzi mrefu wa waimbaji na okestra, iliyoimbwa Leipzig kwa mara ya kwanza katika msimu wa mwaka 1734 na 1735, ina sehemu sita, nazo zilipangiwa siku sita tofauti, kuanzia tarehe 25 Desemba hadi tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania inayofunga siku za Krismasi. Leo hupigwa zote kwa jioni moja au mbili ukumbini, lakini nyumbani hakuna sababu ya kuharakisha. Kwangu Majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi, ni wakati wa muziki wa ala peke yake, usio na maneno, wa kufanyia kazi za mikono. Nyimbo zenye maneno huanza mkesha wa Krismasi na huendelea siku za baadaye, wakati ambapo redio za watu wengine zimeshazichoka.

Wakati wa kula, muziki uwe wa taratibu na wa chini, kiasi kwamba aliye upande wa pili wa meza asilazimike kupaza sauti. Mwaka 1986 mtafiti Ronald Milliman alichapisha utafiti alioufanya mkahawani, ulioonyesha kwamba wateja waliokula huku muziki wa mwendo wa polepole ukipigwa walikaa mezani muda mrefu zaidi kuliko waliopigiwa muziki wa haraka. Mwenye mkahawa anaweza kuliona hilo kama hasara au faida. Mwenye nyumba aliyepika tangu asubuhi bila shaka ataliona kuwa faida.

Hata hivyo, hakuna spika inayoweza kuchukua nafasi ya kuimba. Wimbo wa Krismasi ulioenea labda kuliko wote, ule ambao Wajerumani huuita Stille Nacht na Waingereza Silent Night, uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa dogo la Oberndorf, Austria. Maneno yalikuwa ya padri Joseph Mohr, muziki ulikuwa wa mwalimu Franz Xaver Gruber, na ala ilikuwa gitaa moja tu. Wimbo uliozaliwa hivyo hauhitaji kinanda wala kwaya. Kinachowanyamazisha watu nyumbani kwa kawaida ni kuanzia juu mno: mwenye sauti nyembamba huanzisha, na wakifika kwenye mstari wa juu, wanaume wote wameshaacha na watoto wanapiga kelele. Anayeanzisha na aujaribu kwanza mstari ule wa juu kimoyomoyo, kisha ashuke mpaka mahali ambapo mtu asiye mwimbaji anaweza kupafikia. Maneno nayo yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, beti zote, maana ubeti wa kwanza kila mtu anaujua na wa pili huimbwa na watu wawili.

Sasa macho. Historia ya mti wa Krismasi yenyewe inaunga mkono pua yangu, kwa kuwa maelezo ya msafiri mmoja kutoka Strasbourg ya mwaka 1605 yanataja miti iliyowekwa sebuleni na kupambwa kwa mawaridi ya karatasi, matufaha, mikate myembamba na vitu vya sukari. Yaani, kwa sehemu kubwa, vitu vya kuliwa. Mipira ya kioo ilikuja baadaye sana, kutoka kwa wapuliza kioo wa Lauscha, Ujerumani, katika karne ya 19. Ndiyo maana pambo ninalolipenda zaidi ni vipande vya machungwa. Chungwa hukatwa vipande vya mviringo vyenye unene wa milimita tano, vikafutwa maji kwa kitambaa, vikapangwa juu ya wavu na kukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 95 hivi kwa saa tatu au nne, vikigeuzwa mara kwa mara. Vikipoa, nyama ya tunda huwa kama kioo cha rangi ya asali, na kipande kikining'inizwa kwa uzi mbele ya taa, kila chumba kidogo cha ndani yake huonekana, pamoja na kivuli cha mbegu iliyosahaulika.

Taa za umeme mtini zilianza mwaka 1882, pale Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipopamba mti nyumbani kwake New York kwa balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu. Kabla yake ilikuwa mishumaa, pamoja na hatari zake zote. Mimi huchagua taa za LED zenye mwanga wa joto, zilizoandikwa Kelvini 2700, kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye boksi, kwa kuwa nyeupe ya kibuluu huifanya sebule ifanane na chumba cha daktari. Uzi wa taa ndogo 100 za LED hutumia takribani wati tano, wakati ule wa balbu za zamani hutumia karibu wati 40 na hutoa joto. Zinafungwa kabla ya pambo lingine lolote, zikianzia ndani karibu na shina na kwenda nje kwenye ncha, ili mwanga utoke katikati ya mti. Mpangilio wa kumetameta unazimwa, kwa sababu taa zinazowaka na kuzimika wakati watu wanazungumza ni usumbufu.

Mti wa kukatwa unahitaji maji kuliko unavyohitaji mapambo. Shina likatwe tena sentimita moja au mbili kabla ya kusimamishwa, kwa sababu utomvu huziba pale palipokatwa mwanzo, na chombo cha chini kisiachwe kikauke, kwani kila sentimita mbili na nusu za kipenyo cha shina zinaweza kutumia hadi lita moja kwa siku. Sindano zikianza kupukutika kwa kuguswa tu, mti utoke ndani ya nyumba siku hiyo hiyo, hata kama tarehe 6 Januari haijafika. Taa zikunjwe kwenye kipande cha kadibodi kilichokatwa mdomo pande zote mbili ili nyaya zisifungane. Vipande vya machungwa vilivyolainika au vyenye doa la ukungu vitupwe. Vilivyobaki vikavu vifungwe kwenye karatasi pamoja na karafuu chache, vikae kwenye kopo lenye kifuniko mpaka Desemba nyingine.