Picha ya lebo huanza na rula: ninavyofundisha darasani Tabora

Wanafunzi wangu hawagusi simu mpaka wapime chupa. Chupa ya asali yenye kipenyo cha sentimita 7 ina mzingo wa karibu sentimita 22. Lebo ya mbele tunaipa upana wa sentimita 8 na kimo cha 6, maana ikizidi hapo maandishi ya pembeni yanapotelea kwenye mviringo. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni pikseli 945 kwa 709, ukiacha milimita 3 kila upande za kukatia.

Kazi ngumu ni mwanga. Asali yetu ya miombo ukiipiga mbele ya ukuta hutoka nyeusi kama oili chafu, kwa sababu rangi yake huonekana pale mwanga unapopita ndani yake. Basi chupa tunaiweka mbele ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, dirisha likiwa limefunikwa shuka jeupe. Manila nyeupe mbili, moja kila upande mbele ya chupa, zinarudisha mwanga. Hapo huzuka tatizo jingine: kingo za kioo zinamezwa na weupe wa nyuma. Simamisha vipande viwili vya karatasi nyeusi kushoto na kulia, nje kidogo ya fremu, na kingo zitachorwa mstari mweusi safi.

Taa ya tyubu izimwe, isichanganye rangi. Flashi vilevile. Asali iliyoganda iloweke kwenye maji ya vuguvugu, kama nyuzi 40, kisha iache itulie mpaka mapovu yapande. Vumbi la kiangazi na alama za vidole futa kabla ya kupiga. Kuzifuta kwenye programu huchukua muda mara kumi.

Simu ikae mita moja kutoka kwenye chupa, kwenye stendi au juu ya vitabu. Ukisogea karibu sana, mabega ya chupa yanavimba. Bonyeza juu ya asali na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu ongeza mwanga kidogo: weupe wa nyuma huidanganya simu, nayo ikatia giza kila kitu. Kukuza kwa vidole kunapunguza ubora tu. Picha itumwe WhatsApp kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na ukiikata baadaye pikseli hazitoshi.

Picha ya nyuki iliyookotwa intaneti siikubali, hata iwe nzuri vipi.

Kwenye maandishi, kosa linalojirudia ni kuandika ujazo badala ya uzito. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, kwa hiyo chupa ya mililita 350 hubeba takriban gramu 490. Pimeni kwenye mizani, mwandike gramu. Jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo na tarehe viwepo. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, haiwekwi bila leseni.

Chapisha kwanza nakala nyeusi na nyeupe kwa asilimia 100. Ukiacha printa ijipimie ukurasa, lebo inasinyaa. Ibandike kwenye chupa, uisome ukiwa mita mbili. Nakala ya mwisho iwe ya leza kwenye stika yenye laminesheni, yaani utando wa plastiki juu yake, kwani wino wa kawaida wa printa ya inki huchuruzika mtu akifuta asali iliyomwagikia ubavuni.