Mama na miwa ya Louisiana

Miwa ndiyo iliyotupeleka Louisiana. Mama alikuwa amekuja kututembelea Houston, Novemba 2019, na jioni moja mke wangu akataja kwamba jimbo la jirani lina mashamba ya miwa mpaka kandokando ya mto Mississippi. Mama akaweka kikombe chini. Marehemu baba alitoka Masasi akiwa kijana akaenda Kilombero kukata miwa, mama akamfuata, na sisi watoto tulikulia Kidatu, katika moshi wa miwa inayochomwa kabla ya kukatwa.

"Kumbe na huku wanalima miwa?" akauliza. "Basi nipelekeni nikaione."

Ijumaa tukashika barabara kuu ya I-10 kuelekea mashariki: Beaumont, Lake Charles, Lafayette, halafu lile daraja refu la kuvuka kinamasi cha Atchafalaya, karibu kilomita 29, ambalo mama alilipita akiwa amelala fofofo. Tukalala Baton Rouge. Asubuhi tukateremka kuufuata mto. Sehemu ile viwanda vya mafuta na kemikali vimejipanga ukingoni, matangi na mabomba, na kati ya kiwanda na kiwanda ni miwa mitupu.

Mama alitusimamisha kabla hatujafika popote. Ulikuwa msimu wa mavuno, mashine moja ilikuwa inakata huku trekta likikokota tela kando yake, na shamba la pili lilikuwa limechomwa, majivu yanapepea. Akashuka, akaokota kipande kilichoanguka barabarani, akakifuta kwa upindo wa kanga na kuzitazama pingili. "Mfupi huu. Haujakomaa sawasawa." Mke wangu akamweleza kwamba baridi ya huku ikishuka sana inaua muwa, kwa hiyo haupati miezi ya kutosha kukua kama wa Kilombero, na lazima kila kitu kiwe kimeshasagwa kabla ya baridi kali ya kugandisha kuingia.

"Basi mavuno ya hapa ni ya kukimbizana," mama akasema. Alikuwa ameshaielewa kazi ya pale kabla ya mtu yeyote kumfundisha.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Oak Alley, Vacherie. Picha yake huenda umeiona: mialoni 28 katika safu mbili, matawi yameshikana juu, na mwisho wa njia jumba jeupe lenye nguzo nene. Miti ilikuwapo kabla ya jumba. Jumba lilijengwa kati ya 1837 na 1839, na waliolijenga walikuwa watumwa. Ni mahali pazuri kweli, sitaki kudanganya. Mashamba mengi ya namna hii kusini mwa Marekani hukodishwa kwa harusi, na ukisimama chini ya miti ile unaelewa kwa nini bibi harusi angepatamani, ila mimi nisingeweza kucheza muziki juu ya ardhi ile.

Mama hakuvutiwa na vyumba vya jumba. Kilichomshika ni habari ya Antoine, mtumwa mtunza bustani, ambaye mwaka 1846 alifanikiwa kubebesha mipekani mahali pale na kupata miti iliyozaa njugu bora, yenye ganda jembamba. Kazi yake ndiyo iliyozaa aina ya kwanza ya pekani iliyopewa jina na kupandwa kibiashara. Mama amewaona ndugu zake Masasi wakibebesha mikorosho, anajua namna kikonyo kinavyochongwa na kufungwa, na ni vingapi vinakauka mikononi mwa mtu mwenye haraka. "Huyu alikuwa fundi," akasema. "Jina la baba yake je?" Nikamwambia wanamtaja kwa jina moja tu, Antoine. Akaguna.

Kutoka pale mpaka Whitney ni mwendo mfupi kwenye barabara ileile, chini ya tuta kubwa la udongo linalozuia mto usifurike. Shamba la Whitney lilianzishwa mwaka 1752 na Ambroise Heidel, mhamiaji kutoka Ujerumani. Walianza na nili, mmea wa kutengenezea rangi ya buluu, baadaye wakahamia kwenye sukari. Mwanasheria wa New Orleans, John Cummings, alilinunua na kutumia fedha zake mwenyewe kuligeuza makumbusho, akishirikiana na mwanahistoria wa Senegal, Ibrahima Seck, wakalifungua Desemba 2014. Pale hadithi haianzii sebuleni kwa bwana, na jumba lenyewe unalifikia karibu mwisho wa ziara.

Getini kila mgeni alipewa kadi ya kuvaa shingoni, yenye picha ya sanamu ya mtoto na maneno ya mtu aliyekuwa mtumwa utotoni. Watu hao walihojiwa na waandishi wa serikali katika miaka ya 1930, wakiwa wazee sana, na kwa kuwa utumwa ulikomeshwa 1865 walichokuwa wanakumbuka kilikuwa utoto wao. Ndiyo maana ndani ya kanisa la mbao, lililojengwa na watu waliopata uhuru na baadaye kuhamishiwa pale, utakuta sanamu za watoto zilizotengenezwa na msanii Woodrow Nash. Wengine wamesimama, wengine wamekaa, kimo cha mtoto halisi. Mama akaketi benchi moja na mtoto wa kike aliyevaa gauni na akakaa naye muda mrefu, mkoba wake mapajani, kama anavyoketi kanisani kwetu.

Aliyetuongoza alikuwa dada kijana, Mmarekani mweusi mwenye sauti iliyotulia. Mimi nilikuwa mkalimani. Nilidhani nitamfasiria mama tu, kumbe kazi kubwa ilikuwa kumfasiria dada yule maswali ya mama.

Penye makarai ya kupikia sukari tulichelewa kuliko kundi lote. Ni makarai ya chuma cha kusubu, mapana, na kutu imeyala kuwa rangi ya udongo mwekundu. Mama aliupitisha mkono kwenye ukingo wa moja, akazunguka mpaka alipoanzia. Dada akaeleza: makarai yalipangwa mstari juu ya tanuri, kubwa mwanzoni na dogo mwishoni, na watu walihamisha juisi inayochemka kwa upawa mrefu kutoka moja hadi jingine, ikizidi kuwa nzito, mpaka ifikie kuganda chembechembe. Wakati wa mavuno moto haukuzimwa, usiku na mchana, kwa wiki nyingi. Mtu akisinzia kidogo juisi inamwagika mwilini, na ile hung'ang'ania ngozi.

"Muulize," mama akasema, "wenye vichanga walikuwa wananyonyesha saa ngapi?"

Dada akamtazama mama moja kwa moja, akajibu taratibu ili nipate nafasi. Vichanga viliachwa kwa bibi mzee asiyeweza tena kazi ya shamba, na mama mtu alirudi kunyonyesha pale tu alipopewa ruhusa. Mama akatikisa kichwa. Yeye mwenyewe alifanya palizi ya miwa huku mimi nikiwa mgongoni. "Nilikuwa nachoka," aliniambia, na hilo hakutaka nilifasiri, "lakini jioni mtoto alikuwa wangu."

Hatua chache kutoka pale kuna uwanja wa kumbukumbu ya watoto. Katikati amesimama malaika wa shaba, mwanamke mweusi mwenye mabawa, amebeba mtoto mchanga. Kuzunguka pande zote ni mawe ya granaiti yaliyochongwa kumbukumbu za watoto 2,200 wa watumwa wa wilaya ile ya St. John the Baptist waliofariki kabla ya kutimiza miaka mitatu, kati ya 1823 na 1863, kama walivyoandikwa katika vitabu vya Kanisa Katoliki. Sikuwa na la kufasiri. Mama hasomi Kifaransa wala Kiingereza, lakini tarakimu anazijua, na alipita akizifuata kwa kidole.

Upande mwingine kuna kuta ndefu zenye majina zaidi ya 100,000 ya watu waliofanywa watumwa Louisiana. Sehemu ile imepewa jina la Gwendolyn Midlo Hall, mwanahistoria ambaye mwaka 1984 alikuta hati za kale katika mahakama ya Pointe Coupee, akafanya kazi ya kukusanya hati kama hizo kwa takriban miaka 15, mpaka mwaka 2000 zikatolewa kwenye diski kila mtu azione. Makarani wa Kifaransa na Kihispania walikuwa na desturi ya kuandika taifa la mtu, yaani kabila lake, pembeni ya bei yake. Waliandika ili wajue wanauza nini. Hawakujua kwamba wanatuachia anwani.

Mama akauliza kama wa kwetu walikuwamo. Nilimfasiria dada nikiwa na jibu langu tayari kichwani, kwa kuwa shuleni nilifundishwa kwamba watumwa wa Marekani walitoka Afrika Magharibi, wa kwetu wakaenda Unguja na Uarabuni. Dada akaanza kuyataja mataifa yaliyomo kwenye hati: Wabambara, Wamandinga, Wawolof, Waigbo, Wakongo, na wengine, akamalizia na watu waliopakiwa melini Msumbiji, Wamakua.

Sikuwahi kufungua mdomo.

"Amesema Makua?" mama aliuliza. "Huyu mtoto amesema Makua?"

Sisi ni Wamakua wa Masasi. Mto Ruvuma kwetu ni mpaka wa ramani tu, ndugu wako ng'ambo zote mbili. Na misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani, aliotoka nao Unguja. Kila mtoto wa Kianglikana wa kule hadithi hiyo anaijua: waliotekwa, wakakombolewa, wakarudi bara. Mama amekua akisikia habari za waliorudi. Siku ile, akiwa na miaka zaidi ya 70, ndipo alipoambiwa habari za waliovushwa bahari mbili, wakazungushwa kusini mwa Afrika, wakaishia kwenye miwa. Alimshika dada yule mkono akaanza kusema naye Kimakua, na dada akawa anaitikia kwa kichwa. Sikufasiri neno.

Ziara ikaisha. Dada akasema kuna kumbukumbu ya mapambano ya Januari 1811 kwa anayependa kuiona. Mamia ya watumwa wa pwani ile ya mto, wakiongozwa na Charles Deslondes, waliandamana kuelekea New Orleans, wakashindwa, na vichwa vya waliouawa vikatundikwa juu ya nguzo kando ya mto. Pale vimefinyangwa upya na kusimikwa juu ya vyuma. Mke wangu alibaki nyuma. Mama akaenda mpaka mbele kabisa, akavua kilemba, akawapa pole kwa sauti.

Usiku hotelini New Orleans akasubiri saa nne ifike, Masasi kupambazuke, akampigia mjomba. Mjomba ni mwalimu mstaafu na hapendi habari ya juujuu. Waliandikwa wapi? Na nani? Mwaka gani? Nikafungua kompyuta, hati za Hall ziko kwenye mtandao na unaweza kuzitafuta kwa taifa, nikaandika jina la kabila letu. Majina yakatokea, mengi ya ubatizo, ya Kifaransa na Kihispania, na mbele ya kila jina umri, jinsia, na thamani ya fedha. Nikaanza kuwasomea wote wawili, simu ikiwa kwenye spika juu ya kitanda.

"Bei usisome," mama akanikatiza. "Soma jina na umri."

Nikarudi juu, nikaanza tena na wa kwanza.