Daraja la Besi ya Mjomba

Wiki nzima nimelala nikiwaza kipande cha chuma. Daraja la gitaa langu la besi, kile kipande kinachoshikilia nyuzi mwishoni, limekwisha. Skurubu ndogo za kupandisha na kushusha nyuzi zimeliwa na kutu, maana jasho la mkono na unyevu wa ziwa hapa Jinja havisazi kitu. Uzi wa nne, ule mnene wa E, ukiupiga wazi uko sawa. Ukiubana freti ya 12, mojawapo ya vijiti vya chuma vya shingoni, sauti inapanda kupita kiasi. Kanisani nimekuwa nikizikwepa noti za juu za uzi huo, na inaniuma.

Besi hii alinipa mjomba. Aliipiga katika bendi ya jeshi, na Kiswahili changu pamoja na besi nilivipata barazani kwake. Sikutaka kukosea.

Mwanzoni nilitamani yale madaraja mazito ambayo wapigaji husema yanafanya sauti idumu. Nikalibeba gitaa hadi Katwe, Kampala, kwa fundi mmoja mzee. Hakugusa bisibisi, alichukua rula.

"Mwanangu, umepima?"

"Bado, mzee."

Tukapima. Uzi hadi uzi, milimita 19. Matundu ya skurubu matano, yamepangwa mstari mmoja. Daraja nililolitamani lina kitako kinene: hata ukishusha vile vipande vinavyobeba nyuzi hadi mwisho, nyuzi zingebaki juu, na ingebidi tuingize kibao chembamba chini ya shingo. Shingo aliyoizoea mjomba miaka yote hiyo! Hapo tamaa ikaniisha. Tena nilipojaribu besi yenye daraja la aina hiyo, sikio langu halikusikia tofauti ya kustahili usumbufu huo.

Ninachohitaji ni kila uzi uwe na kipande chake, kinachosogea bila kukwama. Precision ya kwanza, besi ya umeme ya Leo Fender ya mwaka 1951, ilikuwa na vipande viwili kwa nyuzi nne, kwa hiyo ukirekebisha uzi mmoja unamvuruga jirani yake. Mwaka 1957 vikawa vinne. Kwenye besi yenye urefu wa uzi wa inchi 34 kama yangu, freti ya 12 iko katikati ya uzi, lakini uzi mnene hudai urefu zaidi kidogo, ndiyo maana kipande chake hurudishwa nyuma. Changu kilikuwa kimegandia mbele.

Nimechagua daraja la Gotoh, kampuni ya Japani, la matundu matano, vipande vyake vya shaba, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Fundi alikwangua rangi kidogo chini yake ili waya wa ethi, unaounganisha nyuzi na umeme wa besi ili kupunguza kelele, uguse vizuri, la sivyo spika ingenguruma hata nikiwa nimeshika nyuzi.

Usiku nikampigia mjomba simu. Hakuuliza bei. "Hebu nisikie E," akasema. Nikailaza simu juu ya mbao, nikaupiga wazi, kisha freti ya 12. Akanyamaza mpaka sauti ikaisha yenyewe.

"Rudia," akasema.