Maneno Yanayoandamana Katika Kiingereza cha Kueleza Visababishi

Anayejifunza Kiingereza huzoea mapema kitenzi "cause" na kukitumia kwa kila chanzo, ilhali wenyeji wa lugha hiyo hukiambatanisha zaidi na mambo mabaya, kama vile "cause damage", "cause problems" na "cause delays". Ndiyo maana kusema kwa kitenzi hicho kwamba bidii ilileta mafanikio si kosa la sarufi, lakini humkwaruza msikilizaji masikio. "Lead to success" ingefaa zaidi. Mabadiliko nayo huandamana na "bring about", na mjadala huwashwa kwa "spark".

Kwa maoni yangu, panapowaponza wengi ni kwenye vihusishi. Husemwa "the cause of the fire" lakini "the reason for the delay", na jozi ya "result in" na "result from" hupindua maana nzima: "The flood resulted from heavy rain" huanza na tokeo, na ukiweka "in" mahali pa "from", basi mafuriko ndiyo yatakuwa yameleta mvua. Kwa chanzo kilichojificha chini ya vingine, tumia "root cause", kwani "main cause" hutaja kilicho kikubwa tu, si lazima kiwe cha awali.