Nilivyoachana na mafuta ya jero

Shemeji yangu anakaa Mbezi Beach, ana friza na gari. Kila akija kwetu Mbagala akakuta mtoto anatumwa dukani kwa Mangi mafuta ya kula ya jero, yaani ya mia tano, mahubiri yanaanza: "Shemeji, nunua kwa jumla, utaokoa hela." Utadhani sijui hesabu! Najua fika kwamba vijipimo vile vya jero, hadi vitimie lita 20, nimeshalipa kuliko yeye. Ila mume wangu ni kibarua, hela ya jioni inaliwa jioni. Dumu nilinunue na nini?

Siku mchezo wetu wa kuchangiana hela kwa zamu uliponifikia, kichwa kikapata moto. Nikaenda soko la Ilala, nikabeba tenga zima la nyanya peke yangu, kama mwenye hoteli. Elfu arobaini na kitu hivi. Za juu zilipangwa, nyekundu, zinang'aa. Konda akanigomea: "Dada, hilo linalipa siti mbili." Nikapanda bodaboda nimelikumbatia, na kufika Mtoni kwa Azizi Ali maji ya nyanya yananitiririka mapajani. Nyumbani nikamimina kwenye beseni: chini ya zile za kupangwa, mbichi, chini ya mbichi, ndogo kama gololi, chini kabisa, uji. Friji sina. Tulikula nyanya siku nne, hadi mwanangu akauliza kama dagaa wameisha baharini. Zilizobaki nikazipanga mafungu barazani, jirani akanunua mawili kwa huruma.

Aliyeniokoa ni mama lishe wa kona. Yeye na wenzake hukodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kwenda Ilala alfajiri, nikaomba nimsindikize. Kumbe za juu wala hazitazami! Alipenyeza vidole kati ya mbao za chini, akavitoa, akavinusa, akasonga mbele. Matenga sita hivyo hivyo. La saba akasema, "Mimina." Muuzaji akanuna, akamimina.

Sasa wapangaji watano wa nyumba yetu tunatoa hela kidogo kila siku, kama mchezo, ila hapewi mtu hela. Wiki hii tenga, wiki ijayo mchele wa Tandale, mwisho wa mwezi dumu la mafuta. Mafuta tunapima kwa chupa moja ile ile. Kila mtu akileta yake mtagombana. Mzigo unarudi na kirikuu cha mama lishe, tunamchangia elfu mbili tatu. Na mwenye deni dukani msimpe kushika hela. Sisi tulimpa mmoja, ya wiki nzima ikaishia kwenye daftari la Mangi. Mangi mwenyewe kaninunia, salamu anaitikia kwa kidevu.

Jumapili shemeji akaja, akaliona dumu chini ya kitanda. "Si nilikuambia, shemeji?"

Nikamfungia nyanya za kuondoka nazo. Za chini ya tenga.