Sekunde Nane Kwenye Maporomoko

Picha niliyoitupa kabla ya kuondoka nimeikuta ukutani. Iko sebuleni, juu ya kiti cha baba, imetiwa kwenye fremu yenye kioo. Miaka 17 nimekuwa mbali, na muda wote huo nilijua ilishaoza jalalani.

Niliipiga nikiwa na miaka 21, kwa kamera ya filamu ya kuazima, kwenye maporomoko yaliyo mwendo wa saa moja kutoka nyumbani. Mama amesimama juu ya jiwe bapa, maji yanashuka nyuma yake. Chini ya miti mwanga ulikuwa hafifu na filamu yenyewe haikuwa ya kunasa mwanga haraka, kwa hiyo shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, ilibidi ikae wazi karibu nusu sekunde. Nikamwambia, "Mama, usitikisike." Akatikisika. Jiwe likatoka vizuri, majani yakatoka vizuri, maji yakawa laini kama pamba iliyochambuliwa, na mama akatoka kama mtu aliyefutwa kwa kiganja. Nikaitia kwenye rundo la zilizoharibika. Wiki tatu baadaye nikasafiri.

Siku niliyorudi nilisimama mbele ya picha ile nikiwa bado na begi mgongoni. Binti yangu, ambaye ana miaka sita na alikuwa anaingia nyumba ile kwa mara ya kwanza, akauliza ni nani huyo asiye na uso. Mama akamjibu, "Ni mimi, bibi yako."

Tangu nilipoondoka kazi yangu imekuwa kuyafuata maji. Nimelala kando ya Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya Viktoria, nikisubiri mwezi mpevu upande, kwa sababu manyunyu ya pale, yanayoruka kutoka kwenye maporomoko yenye upana wa mita 1,708, hutoa upinde wa mvua hata usiku. Kwa macho unaonekana mweupe-mweupe tu, kama utepe wa moshi. Kamera ikiachwa wazi sekunde kadhaa ndipo inakusanya rangi ambazo jicho halina uwezo wa kuzikusanya gizani. Nimepita nyuma ya maji ya Seljalandsfoss kule Iceland, ambako njia ya miguu inaingia pangoni na kutokea upande wa pili, nikiifuta lenzi kila baada ya pumzi mbili. Nimesimama Niagara usiku na kuyaona maji yamepungua, nikaja kufahamu kwamba mkataba wa mwaka 1950 kati ya Marekani na Kanada ndio unaopanga kiasi cha maji kinachoachwa kipite: katika msimu wa wageni, mchana ni mita za ujazo 2,832 kwa sekunde, na usiku nusu yake. Yanayobaki yanapelekwa kwenye mitambo ya umeme. Huyo ndiye mimi wa miaka hiyo, mtu anayejua ratiba ya maji ya watu.

Wanunuzi wa picha zangu walitaka mahali patupu. Hilo ndilo nililojifunza mapema kuliko yote, na nililimudu. Ukifunga mbele ya lenzi filta nyeusi ya kupunguza mwanga, ile kali inayopunguza mwanga mara elfu moja hivi, picha ambayo ingechukua sehemu moja ya 125 ya sekunde sasa inahitaji sekunde nane. Ukiongeza nyingine juu yake unafika dakika kadhaa. Katika dakika hizo watu wanaopita mbele yako hawaachi alama. Kila mmoja anakaa mahali pamoja kwa muda mfupi mno, mwanga wake hautoshi, na jiwe lililo nyuma yake linashinda. Umati mzima unayeyuka. Nimewahi kupiga maporomoko yenye wageni mia mbili kwenye daraja, na kwenye picha daraja likawa tupu kama asubuhi ya kwanza ya dunia.

Jambo hili lina umri sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, aliielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Ilikuwa barabara yenye pilikapilika, lakini bamba la ndani ya kamera lilihitaji dakika kadhaa kupata picha, hivyo waliokuwa wakitembea hawakuonekana, wala magari ya farasi hayakuonekana. Alibaki mtu mmoja pembeni, aliyesimama mguu mmoja juu akisafishiwa kiatu, na umbo hafifu la aliyekuwa akimsafishia. Inasemwa mara nyingi kwamba yule ndiye binadamu wa kwanza kuonekana wazi kwenye picha. Nimeiwaza picha hiyo mara nyingi tangu niliporudi, kwa sababu ya wale wengine wote waliokuwepo barabarani na hawamo.

Asubuhi ya siku ya tatu mdogo wangu alinipeleka majini. Nilipoondoka alikuwa na miaka minne. Sasa ana mabega ya baba, na njia ya kwenda maporomokoni ni yake. Sina maana kwamba ameinunua. Yeye ndiye anayeitunza, tangu magoti ya baba yalipokataa.

Nilidhani nazijua njia. Nimepiga mamia yake, na kwa mpiga picha njia ni mstari wa kuliongoza jicho: inaanzia kona ya chini, inapinda, inakupeleka kwenye maji. Mdogo wangu alikuwa na jembe begani, na kila baada ya hatua mia hivi alisimama akanionyesha kitu. Hapa njia imelazwa kidogo kuelekea bondeni ili maji ya mvua yavuke na kuondoka. Ikilala kuelekea mlimani, maji yanapata mfereji, na baada ya misimu miwili njia inakuwa korongo. Pale kuna mawe yamezikwa kwa mshazari, yakiwa yametokeza nchi chache tu, kazi yake ni kuyapokea maji yanayoteremka na kuyatupa pembeni. Kwenye mteremko mkali njia inakwenda kwa kupindapinda, na mahali ambapo watu walizoea kukata kona amepanda vichaka vya miiba. "Mtu mmoja akikata kona si neno," alisema. "Maji ndiyo yanayomfuata."

Nilimuuliza mawe yale ameyazika lini. Akahesabu kwa vidole. Mengine aliyazika na baba akiwa na miaka 12. Mengine mwaka jana peke yake. Nilipita juu yake nikiangalia chini, jiwe kwa jiwe, na nilishindwa kukumbuka hata njia moja ya nchi za watu ambayo niliwahi kuuliza mawe yake yalizikwa na nani.

Kabla hatujatoka nyumbani baba alikuwa amemwita binti yangu kitini kwake na kumfundisha alichonifundisha mimi nikiwa mdogo. Ukiwa mtoni, mvua inaweza kuwa inanyesha mbali huko juu na hapo ulipo jua linawaka. Maji yakibadilika rangi, ukiona majani na vijiti vinaanza kupita, ukisikia mngurumo umebadilika sauti, usiulize na usikusanye vitu. Panda juu. Binti yangu alimrudia yote kwa mpangilio, na njia nzima akawa analikagua kila tone la maji. Mafunzo hayo yaliniokoa mimi mara mbili, nikiwa mahali ambapo baba hapajui hata kwa jina, na sikuwahi kumwambia. Nilimwambia usiku ule.

Siku ya tano ndiyo tuliyokwenda na mama. Anatembea taratibu, na fimbo, lakini anatembea. Nilikuwa nimeitoa picha kwenye fremu kwa ruhusa yake na kuitia kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu nilitaka kusimama pale pale nilipokuwa nimesimama siku ile.

Kulipata tena eneo la picha ya zamani ni kazi ninayoipenda kuliko zote katika fani hii, na inahitaji subira zaidi ya vifaa. Unatafuta vitu viwili, kimoja karibu na kingine mbali, unaangalia vimekutana wapi kwenye picha. Kwenye picha yangu ncha ya jiwe bapa iligusa ufa ulio kwenye mwamba wa nyuma. Nikisogea kulia, ncha inahamia kushoto kwa ufa. Nikirudi kushoto, inaufunika. Kisha juu na chini: nilipiga magoti siku ile au nilisimama? Nilihangaika karibu nusu saa, mdogo wangu akinishikia picha na kunielekeza, hadi ncha ikagusa ufa na magoti yangu yakawa kwenye kibonde kidogo chenye changarawe. Nilikuwa nimepiga magoti.

Nikatazama juu na kuona kwamba ukingo wa maporomoko si ule. Kwenye picha maji yanamwagika juu ya bamba la mwamba lililojitokeza kama kipaji cha uso. Bamba lile halipo tena. Liko chini, ndani ya dimbwi, limevunjika vipande vitatu. Mdogo wangu anakumbuka msimu wa mvua ambao lilianguka. Wanasema nyumba ilitetemeka.

Ndivyo maporomoko mengi ya aina hii yanavyoishi. Juu kuna mwamba mgumu, chini yake kuna ulio laini. Maji na manyunyu yanaula ule laini kwanza, mgumu unabaki unaning'inia, na siku moja uzito unaushinda. Kisha mchezo unaanza upya, hatua moja nyuma ya pale pa mwanzo. Niagara imerudi nyuma namna hiyo kiasi cha kilomita 11 katika miaka elfu 12 hivi. Nilipomweleza binti yangu kwamba maporomoko hutembea, alitaka kujua yanakwenda wapi. Nikamwambia yanapanda mto, yanaelekea mto unakotoka. Akaridhika, akaenda kukaa na bibi yake.

Mama alikuwa amefika kwenye jiwe bapa na kukaa. Nikamwonyesha picha, nikamuuliza kile nilichokuwa nikikiogopa tangu siku ya kwanza: kwa nini aliiokota, na ndani yake haonekani.

"Nilikuwa natazama wapi?" akaniuliza.

Nilitazama vizuri. Hata katika ule ukungu unaona kwamba kichwa kimegeuka kulia, na mkono wa kulia umeanza kuinuka.

"Mdogo wako alikuwa anaingia majini," alisema. "Wewe ulikuwa ndani ya kamera. Ulisema nisitikisike, nami nilimwona mtoto anaingia majini."

Mdogo wangu alikuwa amesimama na jembe lake karibu yetu. Hakuwahi kuisikia habari hiyo. Hakuna aliyesema neno kwa muda, na maji yalikuwa na sauti kubwa ya kutosha.

Baadaye mama alitaka picha ya wote. Akatoa masharti: jiwe liwe lile lile, na maji yawe laini kama yale ya zamani. Safari hii mwanga ulikuwa mwingi, saa nne asubuhi, wingu jepesi limelifunika jua, ambao ndio mwanga bora kwa maporomoko kwani hakuna weupe unaoungua wala vivuli vyeusi. Mita ya mwanga ikaniambia sehemu moja ya 125 ya sekunde. Nikafunga filta nyeusi: sekunde nane. Nikawaomba wakae kimya kama mawe. Mdogo wangu akampakata binti yangu na kumzungushia mikono yote miwili. Nikaiweka kamera kwenye taima ya sekunde kumi, nikabonyeza, nikaanza kuvuka.

Mawe yalikuwa yamelowa na sikutaka kukimbia. Nilisikia shata inafunguka nikiwa bado katikati ya maji. Nilipofika na kusimama nyuma ya mama, nikaweka mkono begani pake, huenda zilikuwa zimebaki sekunde nne. Kisha mlio wa kufunga.

Tuliitazama pamoja kwenye kioo cha kamera, vichwa vinne juu ya kioo kimoja. Maji ni pamba tupu. Mama ametoka wazi, kila kunjo la uso wake, fimbo imelala magotini. Mdogo wangu yuko wazi. Binti yangu yuko wazi isipokuwa mguu mmoja. Nyuma ya mama nipo mimi, ninaonekana na sionekani, na katikati ya kifua changu unapita ufa wa mwamba, umenyooka kutoka juu hadi chini.

"Mbona wewe jiwe linakupita?" mama aliuliza.

Nikamweleza kwamba nilifika muda ukiwa umekwenda nusu. Nikasema tupige nyingine, hii imeharibika, nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Mama akaushika mkono wangu.