Jina la kwanza ni la baba: kusoma sarafu za Kshatrapa wa Magharibi

Ukitaka sarafu ya India ya kale inayokupa ukoo mzima kiganjani, chukua drakma (sarafu ndogo) ya fedha ya Kshatrapa wa Magharibi, nasaba za watawala waliotawala Gujarat na Malwa, magharibi na kati mwa India, hadi mwishoni mwa karne ya 4 BK. Ina gramu 2 hivi na upana wa milimita 15, lakini inataja mfalme, baba yake na vyeo vyao.

Anza na upande wa kichwa. Kisogoni pana tarakimu za Kibrahmi, mwandiko wa kale wa India. Hazina sifuri: 100 ina alama yake, 60 yake, 7 yake. Ukizikuta zote tatu, ni mwaka 167 wa Saka, kalenda iliyoanza mwaka 78 BK. Ongeza 78, unapata 245 BK. Shida ni kwamba chapa mara nyingi ilikuwa pana kuliko kipande cha fedha, kwa hiyo tarakimu ya mwisho huangukia nje. Basi andika "160 na kitu", usibahatishe. Na usisugue kutafuta mng'aro. Utakiondoa hicho kidogo kilichobaki.

Geuza. Kuzunguka kilima cha matao matatu utasoma, kwa mfano: *Rajno Mahakshatrapasa Damasenaputrasa Rajno Mahakshatrapasa Vijayasenasa*. *Rajno* ni "ya mfalme", *Mahakshatrapasa* ni "ya kshatrapa (mtawala) mkuu". *Putrasa* ni "ya mwana wa", na jina lililotangulia ni la baba. Hapa wengi huteleza, wakampa Damasena sarafu ya mwanawe.

Yashodaman, Vijayasena na Damajadasri III, wote humtaja Damasena huyohuyo. Maana yake kiti kilipita kwa ndugu kabla ya kushuka kwa watoto. Kisha, mnamo 304 BK, anatokea Rudrasimha II, ambaye baba yake Jivadaman anaitwa *svami* tu, yaani bwana. Si raja (mfalme) wala kshatrapa. Ukoo mwingine umeingia, na sarafu yenyewe imeungama.

Vita navyo huacha alama. Huko Jogalthambi, karibu na Nashik, mwaka 1906 ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 13,000 za Nahapana, mmoja wa Kshatrapa wa awali, na takriban theluthi mbili zilikuwa zimepigwa chapa upya na adui yake aliyemshinda, Gautamiputra Satakarni, mfalme wa nasaba ya Satavahana. Hakuziyeyusha, alizigonga juu kwa juu. Mulika sarafu ya namna hiyo kwa taa ya ubavuni: chini ya kilima cha Satavahana, pua ya Nahapana bado inaonekana.